Kati ya mwaka 476 na 529: Roma ilipoanguka, kwa nini watawa ndio waliobaki?

Mkereketwa_Moro

Wakuu, habari za jioni. Naandaa mada ya historia ya Kanisa kwa vijana wa parokia yetu hapa Morogoro na kuna mahali nimekwama. Maelezo mengi yanakwenda hivi: mwaka 476 jemadari Odoacer alimwondoa Romulus Augustulus, kaisari wa mwisho wa Magharibi, Roma ikaisha, giza likaingia, halafu mwaka 529 mtawa Benedikto akajenga monasteri ya Monte Cassino, Italia, na watawa wakaokoa elimu.

Kijana mmoja aliponisikia nikijaribu maelezo hayo aliuliza maswali mawili. La kwanza, hiyo miaka 53 katikati watu walikuwa wanafanya nini? La pili, kwa nini watawa? Kwa nini si maaskofu, si matajiri wenye maktaba zao, si walimu wa shule za Kirumi zenyewe? Nilimwahidi jibu Jumapili. Naomba msaada wenye ushahidi, mahubiri tutayapata kwa padre. Natanguliza shukrani.

Mwalimu_Ruvuma

Ndugu, huyo kijana mtunzeni. Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na hapa ninapoishi kengele ya abasia ya Wabenediktini inasikika alfajiri, kwa hiyo jambo hili nimekaa nalo muda mrefu. Nitaandika kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza tuondoe lile linalopotosha watu zaidi. Utawa haukuzaliwa kwenye majivu ya Roma. Ulizaliwa Misri, dola la Roma likiwa bado limesimama na nguvu zake. Antoni aliwaachia wanakijiji mashamba aliyorithi, akaingia jangwani, akafa mwaka 356 akiwa mzee sana. Pakomi, ambaye ujanani alichukuliwa kwa nguvu kuingia jeshi la Kirumi, katika miaka ya 320 alikusanya watu kule Tabennisi kando ya Nile: ukuta mmoja, mkuu mmoja, meza moja, wanasuka mikeka na vikapu, wanalima, wanasali kwa saa zilizopangwa. Ulaya iliyapata haya kwa kusoma. Askofu Atanasi wa Aleksandria aliandika maisha ya Antoni, yakatafsiriwa Kilatini, na Augustino anasimulia jinsi habari hizo zilivyomtikisa alipokuwa Milano mwaka 386. Mwaka 404 Yeronimo, akiwa Bethlehemu, alitafsiri kanuni za Pakomi kwa Kilatini. Miaka sita baadaye Alaric, mfalme wa Wagothi, aliingia Roma na kuipora. Yaani kabla jiji halijaguswa, namna ya kuishi kitawa ilikwisha kuandikwa kwa lugha ya Magharibi. Waambie vijana wako chimbuko ni Afrika, na walisikie mapema kabisa.

Sasa Roma yenyewe. Tukio la 476 lilikuwa dogo kuliko linavyosimuliwa. Romulus Augustulus alikuwa mtoto tu; Odoacer hakumuua, alimpangia posho akaenda kuishi Campania, na alama za kifalme zikapelekwa Konstantinopoli kwa Kaisari Zeno. Seneti iliendelea kukutana. Baadaye Theodoric Mgothi, aliyetawala Italia kuanzia 493 hadi 526, alikarabati kuta na mifereji ya maji. Mtu aliyezaliwa Roma mwaka 480 alikua akiona jiji lililochakaa lakini linaishi.

Kilichoua dola kilitokea mapema zaidi, mwaka 439, Gaiseric na Wavandali wake walipoiteka Karthago. Afrika ya Kirumi, yaani Tunisia ya leo na sehemu za Algeria, ndiyo iliyokuwa ikilipa jiji la Roma ngano na mafuta ya zeituni, na kodi yake iligharimia jeshi. Ilipoondoka, serikali ya Magharibi ikabaki na askari isioweza kuwalipa. Askari asiyelipwa hudai kitu kingine, na wale wa Odoacer walidai ardhi, theluthi ya Italia.

Hapo ndipo jibu la swali la pili lilipo. Kila kilichokula kodi kilikufa njaa. Mwalimu wa ufasaha katika mji wa Kirumi alilipwa na mji au na hazina, na mtoto wa tajiri alisomeshwa ili apate cheo serikalini. Vyeo vikiisha, mzazi analipa ada ya nini? Matajiri walidumu na maktaba zao mpaka vita ya mwaka 535 hadi 554, na vita hiyo ililetwa na Kaisari Justiniani wa Konstantinopoli akitaka kuirudisha Italia kutoka kwa Wagothi. Kwa maoni yangu iliiharibu Italia kuliko Alaric na Gaiseric wakiwekwa pamoja. Mwaka 537 Wagothi waliozingira Roma walikata mifereji ya maji. Vinu vya kusagia vya kilima cha Janiculum vilizungushwa na maji hayo, vikasimama vyote. Jemadari Belisarius akalazimika kufunga vinu juu ya mashua kwenye mto Tiber ili watu wapate unga. Mwaka 543 tauni ikaingia Italia, na mwaka 546 Totila, mfalme wa Wagothi, akaliteka jiji.

Sasa shika Kanuni ya Benedikto, yaani mwongozo wa maisha ya watawa wake, iliyoandikwa miaka hiyohiyo, usome sura ya 66. Anaagiza monasteri ijengwe, ikiwezekana, kiasi kwamba maji, kinu, bustani na karakana viwe ndani ya ukuta, watawa wasilazimike kuzurura nje. Mtu anayeandika vile anajua vinu vinavyosimama. Sura ya 55 inataja vitu ambavyo abate, yaani mkuu wa monasteri, humpa kila mtawa: joho, kanzu, soksi, viatu, mshipi, kisu, kalamu, sindano, leso, vibao vya kuandikia. Kalamu na vibao, kwa kila mmoja! Na sura ya 48 inasema mwanzo wa Kwaresima kila mtawa apewe kitabu akisome chote kwa mpangilio, na mzee mmoja au wawili wapite wakati wa kusoma kumtazama asije mtu akakaa bure. Ukiamuru kila mtu awe na kitabu, lazima uwe na ngozi, wino na mwandishi. Hakuna mahali Kanuni inaposema "okoeni elimu ya Roma." Vitabu vilifuata kwa sababu bila vitabu sala na masomo yao yasingewezekana.

Kuhusu maaskofu, wao walibaki mjini na mzigo wa mji. Tazama Papa Gregori Mkuu, aliyeigeuza nyumba ya ukoo wake kwenye kilima cha Caelius kuwa monasteri. Alipochaguliwa Papa mwaka 590, barua zake zikajaa ngano ya kulisha jiji, fidia za mateka na mazungumzo na Walombardi, kabila lililokuwa limeivamia Italia, na mwenyewe analalamika kwamba utulivu wa utawa umempotea.

Mkunazini

Mwalimu, maelezo mazuri, nimesoma mara mbili. Naomba niongeze upande mmoja ili vijana wasiondoke na picha nusu. Hayo yote ni ya Magharibi ya Kilatini. Konstantinopoli iliendelea kuwa Roma mpaka mwaka 1453, na vitabu vya Kigiriki vilikuwa huko. Baghdad nayo, katika karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq, Mkristo wa Kanisa la Mashariki, alikuwa akitafsiri vitabu vya tiba vya Galen, tabibu wa Kigiriki, kwa Kisiria na Kiarabu. Sehemu kubwa ya Aristotle iliwafikia Walatini karne ya 12, na mlango mmojawapo mkuu ulikuwa Toledo, ambako watu kama Gerard wa Cremona walitafsiri kutoka Kiarabu. Watawa wa Ulaya walitunza Kilatini chao. Kigiriki walikuwa wamekipoteza karibu chote.

Mpekuzi_77

Mimi nina shaka mbili, Mwalimu, na naziuliza kwa heshima.

Monasteri ya Bobbio, aliyoianzisha Columbanus kutoka Ireland mwaka 614, ilikuwa na kitabu cha Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, kuhusu dola. Karne hiyohiyo ya 7 kilikwanguliwa wino, na juu ya ngozi zilezile yakaandikwa maelezo ya Augustino juu ya Zaburi. Mkutubi Angelo Mai alikuja kuyaona maandishi ya chini mwaka 1819 katika maktaba ya Vatikani. Huo ni utunzaji?

Ya pili, hiyo hoja ya kujilisha. Sura hiyohiyo ya 48 uliyoitaja inasema kama mahali au umaskini vitawalazimu kuvuna wenyewe, wasihuzunike. Maana yake kwa kawaida walikuwa wanavuna watu wengine. Monasteri zilipewa mashamba na matajiri, pamoja na wakulima waliofungwa kwenye mashamba hayo. Kwa hiyo na wao waliishi kwa jasho la wengine, kodi kwa jina jingine.

Mwalimu_Ruvuma

Mpekuzi, umesoma vizuri na shaka zako ni za kweli. Mkunazini, ninakubali kila neno.

Tuanze na mashamba. Ndiyo, monasteri nyingi ziliishi kwa ardhi ya sadaka na wakulima wake, na zilivyotajirika ndivyo zilivyobadilika. Cluny ilianzishwa mwaka 910 kwa mali ya Duke William wa Aquitaine, na kufikia mwaka 1098 wapo watawa waliokimbilia Cîteaux kwenye vinamasi na misitu kwa kuona nyumba zao zimeiacha Kanuni. Lakini tofauti na kodi bado ipo, nayo ni ya umbali. Kodi ya Karthago ilivuka bahari ikiwa na meli, makarani na askari wa kuilinda. Shamba la monasteri liko upande wa pili wa ukuta. Mfalme akianguka leo, kesho ng'ombe bado wanakamuliwa palepale.

Ngozi za Bobbio zinahuzunisha, sikatai. Ila fikiria bei ya ngozi. Karibu mwaka 700 watawa wa Wearmouth na Jarrow, kaskazini mwa Uingereza, walinakili Biblia nzima tatu. Moja imebaki, ina karatasi za ngozi zaidi ya 1,000, na hizo ni ngozi za mamia ya ndama. Abate Ceolfrith, akiwa mzee, aliamua kumpelekea Papa Biblia hiyo mwenyewe, akafia njiani, Langres, mwaka 716. Kitabu kiliendelea na safari na leo kipo Florence. Nyumba yenye ndama wachache ikihitaji Zaburi za kusali kesho, Cicero aliyekaa rafuni bila msomaji hana wa kumtetea. Na kwa kuwa ngozi ile ilihifadhiwa kwa ajili ya Augustino, sehemu ya Cicero tunayo.

Mtu aliyekusudia waziwazi kuokoa elimu alikuwepo, naye ni Cassiodorus. Alikuwa waziri wa wafalme wa Kigothi. Yeye na Papa Agapeto walitaka kuanzisha shule ya Kikristo Roma, vita ya 535 ikaizima. Akarudi kwenye ardhi ya ukoo wake Squillace, kusini kabisa mwa Italia, akajenga Vivarium, monasteri yenye mabwawa ya samaki, maktaba na wanakili, akawaandikia mwongozo wa vitabu gani vya dini na vya dunia wasome. Akiwa na miaka 93 alikuwa bado anawaandikia kitabu cha tahajia, wasikosee herufi. Mimi mtu huyu namheshimu sana, kwa sababu ni mwalimu. Lakini Vivarium ilisimama juu ya mali yake na jina lake. Alipokufa ikafifia, vitabu vikatawanyika.

Monte Cassino nayo ilivunjwa na Walombardi, kama miaka 30 hivi baada ya Benedikto kufa. Watawa wakakimbilia Roma. Jengo lilikwenda, Kanuni ikabaki, kwa sababu ni kijitabu cha sura 73 ambacho watu kumi na wawili wanaweza kuanza nacho popote penye maji na udongo. Karne ya 9 watawala wa Wafranki wakaisambaza kwenye monasteri zao. Wabenediktini waliokuja kwetu mwaka 1888 walikuja nayo hiyohiyo, na Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, ukiingia leo utakuta karakana, bustani na mtambo wa uchapaji ndani ya eneo moja. Sura ya 66.

Mkereketwa_Moro

Shikamoo Mwalimu. Na ahsanteni Mkunazini na Mpekuzi, mada sasa ina mwili. Nina swali moja la mwisho: nusu ya vijana wangu ni wasichana, na mpaka hapa sijaona mwanamke hata mmoja. Najua Skolastika, dada yake Benedikto, lakini habari zake ni chache mno.

Mwalimu_Ruvuma

Marahaba. Na swali hili linamjibu pia yule kijana aliyeuliza kuhusu ile miaka 53 katikati.

Nenda Arles, kusini mwa Ufaransa ya leo. Askofu Sesari alikuwa akiwajengea wanawake monasteri nje ya ukuta wa mji, akishika kazi kwa mikono yake. Mwaka 507 hadi 508 Wafranki na Waburgundi waliuzingira mji, wakaibomoa kabla haijakamilika. Akaanza upya, safari hii ndani ya ukuta, na mwaka 512 ikafunguliwa, mkuu wake akiwa dada yake, Sesaria. Kanuni aliyowaandikia ni ya kwanza tunayoijua Magharibi iliyotungwa mahsusi kwa watawa wa kike. Inaamuru wote wajifunze kusoma, na kila siku watenge saa mbili za asubuhi kwa ajili hiyo. Masista hao walikuja kunakili vitabu vitakatifu chini ya uongozi wa mama yao mkuu, na nyumba yao ilifunguliwa miaka 17 kabla ya Monte Cassino.

Jumapili anza na Tabennisi, halafu Karthago ya 439, halafu Arles. Benedikto mlete wa nne.