Vitabu vibovu: acheni kutaja vichwa tu, semeni kimeoza wapi!

Wakuu, hizi orodha za "kitabu kibaya kuliko vyote" zinachosha. Mtu anataja kichwa, anaandika "kinaboa", kapita. Mwingine anatupia tamthilia ya kishairi aliyolazimishwa kuisoma kwa ajili ya mtihani. Kitabu kigumu si kitabu kibovu! Kitabu kibovu ni kile ambacho kuna mtu alilipwa afanye kazi fulani, hakuifanya, na unaweza kuweka kidole: ukurasa huu, mstari huu.

Naanza na riwaya maana huko ndiko uozo umerundikana.

Mhusika anapata mimba sura ya 4, mwezi wa Machi. Sura ya 9 ni Julai na keshajifungua, mtoto mnene, hakuna hata nesi mmoja anayetamka neno njiti. Dereva aliyezikwa sura ya 6 anapokea simu sura ya 14. Msiniambie huo ni mtindo wa mwandishi. Mhariri anatakiwa awe na karatasi pembeni tangu ukurasa wa kwanza: jina la kila mhusika na linavyoandikwa, umri, kazi, kovu liko shavu lipi, leo ni siku gani, nani keshakufa. Kwa riwaya ya kurasa 250, karatasi mbili tatu zinatosha. Mwandishi kusahau ni kawaida, anaandika miaka. Mhariri anasoma kwa wiki chache, yeye hana kisingizio.

Halafu mazungumzo ya kumfundisha msomaji. "Kama unavyojua, dada yangu wa tumbo moja, baba yetu alifariki miaka 10 iliyopita." Si anajua! Ni baba yake! Dawa iko wazi: habari hiyo mpe mhusika asiyeijua, au wagombanishe. Wakianza kugombea shamba la marehemu, msomaji ataelewa mwenyewe kwamba baba hayupo.

Usimulizi wa kurukaruka nao. Aya inaanzia kichwani mwa mke, katikati tunasoma mawazo ya askari, mwishoni tumeambiwa mbwa anawaza nini. Msimulizi maizi, yule anayejua mawazo ya kila mhusika, hajakatazwa na mtu, ila awe maizi tangu mwanzo na asifiche anapojisikia. Ukiniingiza kichwani mwa muuaji sura ya 3, anakunywa chai wala hawazi chochote kuhusu maiti iliyo chumba cha pili, kisha sura ya 20 ukanifunulia kuwa ndiye, hujanishangaza. Umenidanganya.

Na miisho! Sadfa inaruhusiwa kumtia mhusika matatani, hairuhusiwi kumtoa. Mjomba tajiri ambaye hajatajwa kurasa 230 hawezi kushuka ukurasa wa 231 na hundi mkononi. Ile ya "kumbe alikuwa anaota" siigusi, nitatukana.

Ukitaja kitabu hapa, taja kosa, na useme nani alipaswa kulikamata.

Jibu la 1

Mleta uzi umesahau tafsiri, na huko ndiko kwenye maafa. Kipimo cha haraka ni saa. Fungua riwaya iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, tafuta chakula cha jioni. Familia ikikaa mezani "saa saba" ujue mfasiri aliona 7 akaandika saba, hakutoa 6 apate saa moja. Aliyekosea hapo ndiye atakayekuandikia "walikuwa wanamvuta mguu" pale mtu alipokuwa akitaniwa.

Kosa baya zaidi halionekani upesi. Kiingereza kina kiwakilishi cha mwanamume na cha mwanamke, sisi tuna a- moja ya wote. "Alimtazama, akamwambia hampendi tena." Chumbani wamo watatu. Nani hampendi nani? Mfasiri anatakiwa arudishe jina au uhusiano (mkewe, shemeji, yule mdogo) kila watu wanapozidi wawili. Na ndugu wa baba akiitwa mjomba kitabu kizima, hapo hakuna tafsiri, kuna kamusi iliyofunguliwa ikaachwa ijiandikie.

Si ugonjwa mpya. Mwaka 1855 kilitoka kitabu cha kuwafundisha Wareno Kiingereza, kimeungwaungwa kwa kupitia Kifaransa. Kiingereza chake kilikuwa kituko, na kilipochapwa upya Marekani mwaka 1883 Mark Twain, mwandishi wa vichekesho wa huko, alikiandikia utangulizi, watu wakisome wacheke.

Jibu la 2

Nyie mnajadili maneno, kuna vitabu havifiki huko. Unatoka ukurasa wa 96 unaangukia 113. Kitabu hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, na hapo fungu la 97 hadi 112 halikuokotwa wakati wa kupanga. Pengine fungu moja limeingia mara mbili. Mgongoni mwa kila fungu huchapwa alama nyeusi inayoshuka kidogo kuliko ya fungu lililotangulia, zikipangwa zinafanya ngazi. Ngazi ikiruka kidato, fungu halipo. Kuangalia ni sekunde chache, kabla ya gundi. Jalada likishabandikwa ndiyo basi.

Kurasa zinachomoka? Mgongo haukusagwa vizuri kabla ya gundi ya moto, hasa kwenye karatasi ya kung'aa, kwa hiyo gundi imekaa juujuu. Kitabu kinajifumba kama mtego wa panya? Nyuzi za karatasi zimelazwa kinyume, zinatakiwa ziende sambamba na mgongo.

Kinachoniudhi kuliko vyote: programu ya kupanga kurasa kuachwa kwenye lugha ya Kiingereza. Inakata mwisho wa mstari "nyum-ba", "kit-abu". Silabi zetu huishia kwenye irabu, nyu-mba, ki-ta-bu, ukiacha ile m ya mtu, n ya nchi na maneno ya kuazima kama labda. Kubadilisha lugha ya programu ni hatua moja tu.

Faharasa nayo, ile orodha ya maneno na kurasa yalipo, hutengenezwa kurasa zikishatulia. Mtu akichomeka kurasa 2 sura ya 3 baada ya hapo, kila namba ya mbele imehama. Chagua maneno matano, yafuate. Usipoyakuta, ujue prufu ya mwisho, nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa, hakuna aliyeisoma.

Jibu la 3

Napingana nanyi wote. Hayo yanatibika kwa toleo la pili. Mwaka 1631 wapiga chapa wa London waliruka neno moja kwenye Biblia, amri ya "usizini" ikatoka "zini", wakapigwa faini ya pauni 300. Kosa kubwa kuliko hilo sijui mtalipata wapi, lakini kulirekebisha ni neno moja.

Visivyotibika ni vile vya "siri ya mafanikio". Prufu safi, gundi imara, ndani hamna kitu. Piga hesabu: kurasa 200, maneno kama 280 kila ukurasa, ni maneno 56,000. Wazo lenyewe linaisha kwa 1,500. Yaliyobaki ni kisa cha tajiri fulani, funzo, funzo lile lile kwa maneno mengine, kisanduku cha muhtasari, sura inayofuata. Na waliofanya yale yale aliyoyafanya tajiri huyo wakafilisika hawatajwi popote. Soma utangulizi, sura ya mwisho na aya ya kwanza ya kila sura. Ukiweza kumweleza mtu kitabu kizima, kilikuwa makala.

Mleta uzi

Mkuu, hata hilo ni la mhariri. Mhariri wa muundo angerudisha mswada aseme hii ni makala, kata.

Jibu la 3

Angekata nini? Makala haiuziki kwa bei ya kitabu, ndiyo maana imevutwa. Mwandishi alivuta kama alivyoagizwa, mhariri akasafisha sentensi, msoma prufu akasoma, mpiga chapa akabandika. Kila mtu kafanya alicholipwa. Kipimo chako cha "alilipwa hakufanya" kinakiachia hiki kitabu kinapita salama.

Mleta uzi

Hapo umenibana, narekebisha: kuna vibovu vya uzembe na vibovu vya makusudi. Ila mimba ya miezi minne siiachii.