Kutembea jangwani Australia siku sita na wazee wa Kiaborijini wanaosimulia, kuna aliyewahi kwenda?

MwanaChumbageni:
Asalaam aleykum wadau, na habari za jioni kwa wote. Mie ni mwongoza watalii hapa Tanga mjini, nazungusha wageni mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, mara moja moja napanda nao Amani au Magoroto. Nina binamu yangu wa kike yuko Perth, ni nesi huko, mwaka wa tisa sasa, kaniambia mwakani mwezi wa saba anachukua likizo na anataka twende wote kwenye tripu ya kutembea kwa miguu jangwani siku sita, njia yenyewe inaitwa Larapinta, iko katikati kabisa ya Australia karibu na mji wa Alice Springs. Tiketi analipa yeye, tripu analipa yeye, mie nitafute viza na buti tu. Kwenye tangazo wameandika kutakuwa na wazee wa Kiaborijini watakaotusimulia habari za nchi yao.

Swali la kwanza, mtu wa pwani kama mie naweza kutembea siku sita jangwani au nitarudishwa kwa helikopta? La pili, na ndo hasa lililonileta hapa, hizo simulizi ni za kweli au ni chai ya kuwanywesha watalii? Nauliza kwa sababu kazi hii ndo inayonilisha na najua inavyopikwa. Pale mapangoni ukisikiliza waongozaji watatu utasikia mapango matatu, mmoja kwake linatokea Mombasa, mwengine linatokea Kilimanjaro, na siku mgeni akionekana ana bahashishi nzuri linaongezeka urefu. Na mie sijitoi, nimeshalifikisha Mombasa mara nyingi tu.

Dogo_Makorora:
Mkuu unalipiwa kila kitu halafu unakuja kuuliza maswali? Nipe namba ya binamu yako mie nina buti tayari.

KandoYaBahari:
Siwaelewi watu wa siku hizi. Mtu atoke Tanga, apande ndege siku nzima na zaidi, akifika huko atembee kwa miguu juani na alale chini, na pesa alipe. Bibi yangu alitembea toka Pongwe mpaka sokoni na tenga la maembe kichwani miaka yote na hakuna aliyemwita mtalii. Na hizo hadithi za mizimu tunazo hapahapa bure, kaa na wazee wa Kidigo jioni moja uone kama utalala.

BintiNgamiani:
Kaka MwanaChumbageni mie nimekwenda, 2023 mwezi wa nane, nilikuwa nasoma Adelaide na tulikwenda wanafunzi sita. Nitaandika ninavyokumbuka, mnisamehe nikiruka.

Kwanza usifikirie jangwa la mchanga kama la kwenye mikanda ya ngamia na Waarabu. Ni mawe. Ni milima mirefu ya mawe mekundu inayokwenda mashariki magharibi, Wazungu wanaiita West MacDonnell, Waarrernte, Waaborijini wenyeji wa pale, wanaiita Tjoritja, na ile njia inafuata mgongo wake. Nzima ina zaidi ya kilomita 220 imekatwa vipande 12, tripu ya siku sita hamtembei yote, mnachukua vipande vizuri na gari linawasogeza. Kwa siku kilomita kumi na tano hivi, siku nyengine zaidi. Miguu yako ya Magoroto itatosha kabisa, tatizo ni visigino na vifundo kwa sababu mawe yenyewe yamelegea, unakanyaga linahama. Buti za kufunika kifundo, na uzivae miezi miwili kabla, usije ukazitoa dukani ukaenda kuzivalia kule.

Halafu baridi. Hili hakuna aliyeniambia nikaenda na kikoi. Mwezi wa saba kule ni kipupwe, mchana jua zuri tu kama Lushoto, usiku inashuka mpaka maji kwenye chupa yanaganda. Mnalala nje ndani ya gunia la turubai lenye godoro, wenyewe wanaliita swag, unajifungia humo kama kijusi na juu ni nyota. Ukienda mwezi wa kumi na mbili ndo utakuta hilo jua analolisema KandoYaBahari, zaidi ya digrii 40, ndo maana tripu nyingi ni kati ya mwezi wa nne na wa tisa. Hewa kavu mno, jasho hulioni linakauka palepale, midomo inapasuka, beba mafuta. Maji unakunywa hata kama huna kiu.

Sasa swali lako la pili. Jibu ni kwamba inategemea nani anasimulia, na uulize KABLA hamjalipa. Waongozaji wetu wa siku zote walikuwa vijana wa Kizungu, wazuri, wanajua njia na wanajua kupika, na wao habari za wenyeji walikuwa wanatupa kwa kifupi tu tena wanasema hii tumeruhusiwa kuisema. Mwenyeji mwenyewe, mama mmoja mtu mzima wa Kiarrernte, alikuja siku ya tatu asubuhi akakaa na sisi mpaka jioni. Siku moja kati ya sita. Kwa hiyo lile tangazo linaloonyesha kama mzee anatembea na nyinyi siku zote, mwambie binamu aulize vizuri.

Lakini ile siku moja. Yule mama hakuanza na hadithi, alianza kutuuliza sisi ni watu wa wapi na mama zetu ni watu wa wapi, mie nikamwambia Ngamiani nikacheka peke yangu. Halafu akatuonyesha vilima kuelekea mjini akasema vile ni viwavi. Sio "vinafanana na" viwavi, NI viwavi, wazee wa mwanzo waliosafiri wakaiumba ile nchi, jina lao Yeperenye, na kila tundu kwenye mlima kuna jambo lililotokea pale. Akasimulia vizuri sana mpaka mahali fulani akanyamaza. Mwenzetu mmoja Mjerumani akauliza ikawaje baada ya hapo. Mama akasema hiyo sio yangu kuisema, na wewe sio wa kuisikia, akachukua kikombe chake cha chai akanywa. Hakukasirika wala nini.

Kaka hapo ndo nilijua hatuuziwi kitu. Mwenye kutunga anatunga mpaka mwisho, kwa nini akukatie njiani?

MwanaChumbageni:
Dada BintiNgamiani Mungu akuzidishie. Hilo la kunyamaza limenigusa, maana mie mgeni akiniuliza "halafu?" sijawahi kukosa jibu hata siku moja.

KandoYaBahari:
Viwavi milima. Na mmelipa.

BintiNgamiani:
KandoYaBahari na wewe Pongwe kwenu ukiambiwa mbuyu fulani usiukate unaukata? Tulia.

Halafu hapohapo kuna kitu nilisahau. Alfajiri, kama saa kumi na moja, aliyekuwa anawasha moto alituamsha tuone nyota, na pale juu nikakiona Kilimia, lile kundi la nyota. Kilekile chetu! Kule jangwa la magharibi kwa Waanangu, Waaborijini wa huko, na jamaa zao, nyota zile ni dada saba wanamkimbia mwanamme mwenye nia mbaya, na huyo mwanamme naye yuko mbinguni kwenye zile nyota za Orion anawafuata mpaka leo. Njia waliyopita wale dada imekatiza nchi nzima, na inaimbwa, wimbo unataja kisima baada ya kisima, mwamba baada ya mwamba, ukiujua wimbo unajua maji yako wapi. Nikamkumbuka babu, marehemu, alikuwa nahodha, alikuwa akitoka na jahazi anataja mlima fulani ukikaa juu ya mnazi fulani basi hapo chini kuna mwamba. Nikawaambia sisi hicho ni Kilimia, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, ndo tunalimia. Wakanitazama kama mie ndo mwenye siri.

Mwalimu_wa_Dunda:
Wanangu, mimi niko Bagamoyo, mstaafu. Nimesoma haya yote na ninataka kuweka neno moja au mawili.

Msiite hadithi. Waanangu wanaita Tjukurpa, Waarrernte wanaita Altyerre, na ndani yake kuna namna nchi ilivyoumbwa, nani amuoe nani, nani anatunza mahali gani, nini kiliwe wakati gani. Hiyo ni sheria, na imefungwa kwenye mahali. Ndiyo maana yule mama alinyamaza. Kuna mambo ya wanaume na kuna ya wanawake, na ya wale waliokwisha kuingizwa, kama jando na unyago, je unyago anasimuliwa mtalii? Na majina ya waliokufa hayatajwi ovyo, na kuna mahali picha hazipigwi. Hilo utaambiwa na ulishike.

Mnajua ule mwamba mkubwa wa Uluru, uko kama kilomita 450 kwa barabara toka hapo Alice Springs. Serikali iliurudisha kwa Waanangu tarehe 26 Oktoba 1985, lakini watalii wakaendelea kuukwea, na wenyewe wameweka kibao pale chini miaka nenda rudi wakiomba watu wasipande. Ombi tu. Kukwea kulikuja kufungwa tarehe 26 Oktoba 2019, siku ileile, miaka 34 baadaye. Fikiri mtu umerudishiwa nyumba yako halafu wageni wanakwea paa unawaomba kwa upole miaka 34.

Na sisi hapa tunacho nini? Tuna njia ya misafara, toka Ujiji mpaka hapa kama kilomita 1,200, watu wamebeba pembe na wengine wamefungwa minyororo, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, wanakwenda kwa nyimbo. Lakini nenda Bagamoyo leo usikilize mwongozaji. Atakwambia Stanley, atakwambia Burton, wale wavumbuzi wa Kizungu, atakuonyesha mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone 1874. Mwili haukuja wenyewe! Waliubeba watumishi wake kina Chuma na Susi na wenzao toka huko Chitambo ndani kabisa ya Zambia ya leo, miezi mingi. Hawa wanatajwa kwa sentensi moja, na nyimbo zao hata hiyo sentensi hazipati. Mwanangu MwanaChumbageni ukienda huko usihesabu kilomita, tazama wanavyompa mwenye mahali nafasi ya kwanza ya kusema.

Dogo_Makorora:
Shikamoo mwalimu. Nimenyamaza.

MwanaChumbageni:
Marahaba zote ni zako mwalimu, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Wageni wangu wa Tongoni pia nawapa Washirazi na Wareno, Wasegeju wanaokaa palepale kijijini sijawahi hata mmoja kumkalisha aongee.

Dada BintiNgamiani maswali madogo ya mwisho: chakula na kuswali ilikuwaje? Na kwenye kuingia nchini niwe makini na nini?

BintiNgamiani:
Chakula waambie mapema kabisa halali, wengi wanaelewa, mie nilikula mboga na samaki wa kopo sehemu kubwa ya safari na maharage. Kuna kiwavi kinaitwa witchetty kinachimbwa kwenye mizizi ya mti, kinabanikwa kwenye majivu, hicho ni hiari yako, wenzangu wanasema kinafanana na yai na karanga. Mie nilisema nimefunga.

Kuswali hakuna shida, maji ya kutawadha ndo ya kubana, kuna tayamamu na udongo upo wa kutosha. Kibla sasa ndo uangalie, hapa Tanga tumezoea kuelekea kaskazini, kule ni magharibi na kidogo kaskazini, siku ya kwanza niliswali nimekipa bega. Na pale Alice Springs msikiti upo. Hao walioleta Uislamu jangwani kule unajua ni nani? Waongoza ngamia! Kuanzia miaka ya 1860 waliletwa na ngamia wao, watu wanawaita Waafghani lakini wengi walitoka sehemu ambazo leo ni Pakistani na India, ndo waliobeba mizigo, nguzo za simu za waya, kila kitu, mpaka treni ya kwenda huko ikaitwa The Ghan kwa ajili yao. Yalipokuja malori ngamia wakaachiwa porini na mpaka leo wamezagaa. Mie mtoto wa Ngamiani nimeona ngamia kwa macho yangu kwa mara ya kwanza Australia, Ngamiani kwetu kuna bajaji tu.

Kuingia nchini: tangaza KILA KITU kwenye fomu. Chakula, mbegu, kitu cha mti, ngozi. Mama alinifungia achari na visheti, nikaandika, wakaangalia, visheti vikapita, achari ikabaki. Ukificha ni faini nzito. Na buti ukitembelea Amani usiende nazo na udongo, zisugue na mswaki mpaka kwenye mistari ya soli, wanakagua.

KandoYaBahari:
Achari ya mama imebaki uwanja wa ndege. Hapo ndo pameniuma kuliko viwavi.

MwanaChumbageni:
Wadau narudi kutoa mrejesho, wiki mbili baadaye. Binamu kaandika kuuliza, wamejibu mzee wa Kiarrernte atakuwa nasi siku mbili kati ya sita na analipwa yeye mwenyewe kwa siku hizo, kwa hiyo tumelipa. Viza nimeshaanza kuijazia, buti nimenunua mtumba pale sokoni, nzima, nazivaa kila siku mpaka jirani kaniuliza kama nimeingia mgambo.

Na nimefanya jambo jengine, mwalimu wa Dunda ndo umenitia hili. Jumapili nilikwenda kwa mzee mmoja kule Kiomoni, anayehusika na mambo ya tambiko pale mapangoni, nikamsalimia, nikamwambia babu mie miaka saba naingiza wageni pale, naomba uniambie ni yapi niyaseme na yapi niyaache. Kanitazama weee. Akasema, miaka saba ulikuwa unasema ya nani? Nikakosa jibu. Akaniambia nirudi Ijumaa, na nisije mikono mitupu. Anayejua mzee wa namna hiyo hupelekewa nini aniambie kabla ya Alhamisi.