Meli zilizozama karibu na ufuko: Goma ama Bukavu, nianzie wapi?

KijanaWaHimbi (Goma)

Jambo yenu wandugu. Niko na swali, musinicheke.

Nilijifunza kuzamia na mtungi kule Zanzibar, wakati nasoma Dar es Salaam. Siku ya mwisho walitupeleka kwenye Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza waya za telegrafu, iliyopanda mwamba mwaka 1902. Iko mita 12 tu. Mbavu zake zimesimama kama za ng'ombe aliyekufa kiangazi, na samaki wanapita kati yake kama watoto wanaotoka shule. Tangu siku hiyo matumbawe hayanisemeshi tena. Nataka chuma.

Sasa nimerudi nyumbani na mitungi miwili, lakini sina boti, na mafuta ya kukodi boti mnajua bei yake. Nataka kuingia kwa miguu kutoka ufukweni. Nimesoma kwamba inawezekana: pale Tulamben, Bali, kuna meli ya Marekani inaitwa Liberty, ilipigwa topido na Wajapani Januari 1942, wakaivuta hadi ufukweni ikaachwa pale. Mwaka 1963 volkano ya Agung ikalipuka na kuisukuma majini. Leo unavaa viatu vyako kwenye mawe, unatembea, unazama, uko kwenye meli. Nikajiambia: volkano? Sisi tunayo! Ila ya kwetu, Nyiragongo, mwaka 2002 ilisukuma lava ziwani, si meli.

Basi, mtu anatafutaje meli iliyozama kwenye maji mafupi, ya kufikika bila boti? Na hii gesi iliyoyeyuka chini ya ziwa letu la Kivu, je, mzamiaji aiogope?

Chukudu_Turbo (Goma)

Ndugu yangu, watu wengine wanatafuta kazi, wewe unatafuta boti iliyokosa kazi. Ukitoa mapovu mengi huko chini, hiyo methane italipuka tukimbie tena mpaka Sake na magodoro kichwani.

Fundi_wa_Mashini (Bukavu)

Mdogo wangu wa Himbi, usimsikilize huyo.

Mimi si mzamiaji wa cheti. Ni fundi wa mashini za boti hapa Bukavu, mwaka wa ishirini na mbili. Nilianza kuzama kwa ajili ya njaa. Mashini ya farasi 40 ikichomoka nyuma ya boti, mwenyewe analia ufukweni, na atakayeirudisha kabla matope hayajakaa ndani anakula wiki mbili. Hivyo ndivyo nilivyolijua ziwa, kwa kupapasa.

Kwanza acha kutafuta meli. Tafuta mahali nyavu zinapochanika. Na usiulize wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, hao wa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Wavu wao unaning'inia usiku katikati ya maji chini ya taa, huko chini hawapajui. Uliza wanaotega tilapia kandokando ya ghuba. Bora zaidi, uliza anayezishona hizo nyavu. Mimi nilikaa na muzee mmoja mshonaji, nikaleta chai na mandazi, nikamuuliza jambo moja tu: «Papa, ni nani wanakuletea matundu yanayofanana?» Akacheka. Akavuta wavu mmoja, akanionyesha. Jiwe, anasema, linakwaruza uzi mpaka unatoa manyoya. Bati linakata safi, kama wembe, na pembeni ya tundu uzi unabaki na rangi ya kutu. Nikapitisha kidole, kweli, kikatoka chekundu. «Pale pana jino,» akasema. Watu watatu walikuwa wameliletea wavu hilo jino, na hakuna aliyewaambia wenzake, kwa aibu ya kupoteza wavu.

Kupafikia ilinichukua Jumapili nne. Nilifunga jiwe kwenye kamba, mtoto wangu akapiga kasia polepole, mimi nikaishika kamba kwa vidole. Kwenye matope kamba inalala. Kwenye mwamba inagonga-gonga. Siku ya nne ilishika ikakataa, halafu ikalia, mlio ulipanda kwenye kamba hadi kwenye meno yangu. Hapo usishangilie kwanza. Tazama nchi kavu. Mimi nilipanga kona ya paa la bati jekundu na mti wa avoka nyuma yake, halafu upande wa pili nguzo ya umeme na mlango wa duka. Mistari miwili ikikutana, uko juu yake. Hakuna betri ya kuisha.

Na ilikuwa nini? Si Liberty yako. Boti ya chuma ya kubeba mchanga, imekaa wima mita 7, pua yake haifiki hatua hamsini kutoka kwenye mawe ya kufulia nguo. Nilichokiona kwanza ni chupa. Chupa za plastiki mamia kwa mamia, zimejaa ndani ya tumbo la boti, zimebanwa chini ya sitaha zikitafuta kupanda, na kila nilipopumua zilitikisika zote pamoja. Ni chupa zilezile zinazoshuka na mvua kutoka vilimani na kwenda kuziba bwawa la Ruzizi. Katikati yake kaa mmoja ameshika kifuniko chekundu.

Nilimuuliza mshonaji kabla ya kuzama: nani alikuwemo? Akasema hakufa mtu, ilizama usiku imefungwa, kwa kuzeeka. Hapo ndipo nikaingia. Hilo swali uliulize kabla ya kuuliza kina.

Jina la ghuba siliandiki hapa. Kuna watu wa mitraye, wanunuzi wa chuma chakavu, wanasoma pia, na chuma kina bei. Wakijua, wiki mbili tu wataikatakata na kuipeleka kwenye mizani. Wewe ukija Bukavu nitakupeleka mwenyewe.

Goma kwenu ni vigumu zaidi, nikuambie ukweli. Ukingo wa lava unashuka kama ukuta. Kitu kikizama hatua thelathini kutoka nchi kavu, kimeshakwenda kina ambacho si chako. Tafuta ghuba zenye mteremko wa pole, lakini si mdomoni mwa mto, maana huko udongo wa mashamba unafukia boti kama kaburi.

Gesi: ile methane iko chini sana. Hawa majirani wa KivuWatt, wanaozalisha umeme kwa methane pale Karongi, Rwanda, wanateremsha mabomba mamia ya mita kuifuata. Wewe wa mita 10 hata harufu yake hutaipata. Ila ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, uiache. Pale maji yenye gesi ya kaboni yanaanzia mita kumi na kidogo tu, na chini ya hapo hakuna oksijeni wala samaki. Na nchi kavu ndiyo mbaya kuliko maji. Mazuku, ile gesi ya kaboni inayotoka ardhini, mnaijua wenyewe. Ile hewa ni nzito, inalala mabondeni na kwenye mashimo ya lava, hasa alfajiri upepo ukiwa bado. Wewe mwenye mtungi utavalia wapi? Utachuchumaa kwenye shimo kati ya mawe ufunge mikanda. Hapo ndipo inakukuta, mtungi uko mgongoni umefungwa. Ukiona mjusi au ndege amelala bila kidonda, ondoka umesimama wima. Valia juu, mahali penye upepo.

Halafu mitungi yako unajaza wapi? Nijibu kabla hujazama.

KijanaWaHimbi

Muzee, aksanti sana. Kuna jamaa ana kompresa ya kupaka magari rangi, nguvu yake ni ndogo lakini anasema ataongeza.

Fundi_wa_Mashini

HAPANA.

Nisamehe herufi kubwa. Mimi kabla ya kupata mtungi nilikuwa nazama kwa mpira: kompresa juu ya boti, mpira mrefu, mimi chini na mpira mdomoni. Siku moja nilikuwa mita 8 nafungua boliti. Upepo ukageuka, moshi wa injini ya kompresa ukaingia mahali kompresa inapovuta hewa yake. Sumu ya moshi huo haina harufu ya kukushtua. Nilianza kuona ile boliti ni nzuri sana. Nikaishika nikaitazama, nikasahau nimeifuata ya nini. Mtoto wangu alinivuta kwa kamba kwa sababu niliacha kumjibu. Nilitapika mpaka jioni, kichwa kama kinapigwa nyundo siku mbili. Kompresa ya rangi inatoa mvuke wa mafuta hata upepo ukiwa mzuri, na mtungi wa kuzamia unataka shinikizo la bar 200. Hiyo yake haifiki hata robo, na akiilazimisha, kitakachopasuka ni kichwa chake. Tafuta kompresa ya hewa ya kupumua, ama kaa nchi kavu.

MamaWaKatindo (Goma)

Watoto wangu, nimesoma yote, na sikatazi mtu kazi yake. Lakini huyu kijana wa Himbi asije akaenda upande wa Kituku. Tarehe 3 Oktoba 2024 ile boti ya kutoka Minova ilizama pale sisi tukiiona, ilikuwa imebaki kufunga kamba. Mdogo wangu alikuwemo na mzigo wa maharagwe. Hatukupata mwili. Kwetu pale si mahali pa kutazama samaki.

KijanaWaHimbi

Mama, pole sana. Sitaenda. Na nitawaambia na wenzangu.

Mzamiaji_Mkunazini (Unguja)

Kaka, hujambo. Mwalimu wako wa huku naona alikufundisha bahari tu, maana sisi hatuna milima. Nyie mko mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ya juu ya ziwa lenu ina kama asilimia 85 ya uzito wa hewa yetu, kwa hiyo ukipanda kutoka chini, tofauti ya shinikizo inakuwa kubwa kuliko inavyosema jedwali la kuzamia. Mita 15 za Kivu zihesabu kama 18 za huku, na muda wako upungue hivyohivyo. Kama una kompyuta ya kuzamia, ile ya kuvaa mkononi kama saa, tazama kama inajua mwinuko au lazima uiwekee mwenyewe. Nyingine za zamani zinadhani kila mahali ni pwani. Panda polepole kuliko ulivyozoea, simama mita 5 hata kama hujalazimika.

Na ukishazama, usipande mlima siku hiyo. Nasikia watu wa Goma mnapenda kwenda Nyiragongo. Ni mita 3,470, kwa mwili uliojaa naitrojeni ni sawa na kupanda ndege.

Kwa wale wa baharini wanaosoma: ramani za mabaharia huonyesha meli iliyozama kwa mstari wenye vistari vitatu vinavyoukata. Kikizungushiwa nukta, ni hatari kwa vyombo, maana yake kiko karibu na uso wa maji, maana yake ni chetu. Lakini hata Great Northern lazima uende na boti. Ya kutembea kwa miguu ni chache duniani, usione kwamba Kivu imekunyima wewe peke yako.

Nahodha_Kigoma

Naongeza dogo tu. Kila mwaka anakuja mtu Kigoma anauliza meli ya Wajerumani iliyozama, Graf von Götzen, aizamie. Waliizamisha wenyewe Julai 1916, lakini mashine walizipaka grisi kwanza, wakijua watairudia. Waliorudi ni wengine. Waingereza waliiibua mwaka 1924, mwaka 1927 ikaitwa Liemba, na babu yangu amesafiri nayo. Msiitafute chini.

KijanaWaHimbi

Wandugu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Mitungi sijaijaza, imesimama nyuma ya mlango, mama anaitundikia vitambaa vya kufutia vyombo. Lakini nilifuata neno la Muzee Fundi. Nilipata mshonaji wa nyavu, mama mmoja mwenye kibanda chini ya mti, nikanunua chai. Siku ya kwanza alidhani natafuta mke kwa binti yake. Siku ya pili alinionyesha matundu. Yote manyoya, jiwe tupu, lava. Siku ya tatu mtu akaleta wavu uliokatwa safi, moyo ukaruka. Nikauliza ni wapi. Mwenyewe akaniambia mke wake aliukata kwa kisu, kwa hasira, kwa kuwa hakurudi nyumbani Jumamosi.

Kutu hakukuwa na kutu. Ningetazama vizuri ningejua.

Muzee, Jumamosi ijayo napanda boti ya kuja Bukavu. Nije na nini?

Fundi_wa_Mashini

Njoo na mkasi mzuri, nyavu za zamani bado zimeing'ang'ania ile boti upande wa nyuma. Mitungi iache, nina hewa safi ya kututosha wote wawili. Na gunia, tutoe chupa kidogo kabla hujapiga picha.

Mandazi nanunua mimi.