Tupeane uzoefu: mwenzi wako yuko mbali, ulimtumia zawadi gani ikamfaa kweli?

Binti Buhongwa
Mwangaluka wakuu. Mchumba wangu ni mwalimu, ajira imempeleka Mtwara. Mimi nipo hapa Mwanza na biashara yangu ya nguo Makoroboi. Anayeijua ramani ya nchi hii ameshanionea huruma. Tunaonana likizo za shule, nazo ni kama nauli ipo. Mwezi ujao ni siku yake ya kuzaliwa. Nimezunguka mtandaoni kutafuta mawazo, nimekuta mishumaa yenye harufu, mikufu ya moyo uliokatwa nusu kwa nusu, na vikombe vyenye picha. Jamani, kikombe chenye sura yangu kitafika Mtwara kikiwa bado na mkono wake?

Nataka kusikia kwa waliofanya. Bajeti Sh 50,000 na nauli ya mzigo humo humo. Wenye watu wao visiwani, migodini, Uarabuni, karibuni.

Kijana wa Igoma
Dada unajitesa. Tuma muamala, weka na ya kutolea, mwandikie "kula bata mpenzi". Umemaliza.

Binti Buhongwa
Kaka Igoma, hela namtumia na yeye ananitumia, hilo tumeshalizoea. Lakini hela ikiingia kwenye simu ya mwalimu inakwenda kulipa kodi ya nyumba. Natafuta kitu ambacho mwenye nyumba hawezi kukichukua.

Mama Shija
Mwanangu, mume wangu ni mvuvi wa dagaa, kambi yake kisiwani Goziba. Kukaa mbali kwetu tunakuhesabu kwa mwezi wa angani. Giza la kukosa mwezi likiingia wapo majini kila usiku, maana dagaa wanafuata taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, ndipo anakuja nyumbani siku chache, kisha safari tena.

Zamani nilikuwa namwekea vitu vizuri hapa Kirumba, shati, viatu, mpaka aje. Anavaa siku mbili, anaviacha kabatini. Baadaye nikamuuliza mdogo wake, ambaye hupeleka magunia matupu kule: hivi kaka yako usiku anakaaje? Akaniambia, shemeji, baridi ya saa tisa usiku ndani ya mtumbwi ndiyo inayowamaliza, na chai wanayobeba inapoa kabla hawajavuta wavu mara ya pili.

Nikaenda soko la Mlango Mmoja, nikachambua mitumba mpaka nikapata koti zito la mvua, lina kofia na ndani lina manyoya. Nikaongeza chupa ya chai ya chuma, ile isiyo na kioo ndani, kwa sababu ya kioo haimalizi wiki mtumbwini. Kwenye kola nikashona jina lake kwa uzi mwekundu, maana kambini vitu vina miguu. Mfukoni nikatia pakiti ya tangawizi ya kusaga. Vikapanda boti ya mizigo pale Mwaloni.

Mtandao wa kambini kwao ni wa kubahatisha, nikakaa siku kadhaa kimya. Ikaja meseji moja: "Nani kakwambia habari za baridi?" Basi. Asante haikuwepo. Lakini boti iliporudi ilikuwa na kiroba changu cha dagaa wa kichanja, waliochambuliwa, hawana punje ya mchanga. Wanaofanya biashara hii watanielewa. Dagaa wa kuanikwa chini na wa kichanja hawalingani bei hata kidogo, na yeye wale wa bei aliacha kuwauza akaniletea.

Kwa hiyo mimi nakwambia usimuulize mwenyewe anataka nini, atakujibu "chochote". Muulize anayeishi naye.

Msomi wa Malimbe
"Nani kakwambia habari za baridi" 😂 Nimecheka peke yangu kwenye daladala, konda ananiangalia.

Kijana wa Igoma
Mama Shija shikamoo. Hapo nimenyamaza.

Mama Shija
Marahaba mwanangu.

Nusu Doti
Mimi nipo Pasiansi, mume wangu ni askari, vituo vyake vinabadilika kila mara. Kanga huuzwa doti, na doti ni vipande viwili. Nikanunua doti moja, nikaikata na kuipinda, kipande kimoja nikamtumia na kingine kikabaki kwangu. Yeye anajifunika usiku, mimi najifunga jikoni. Akija likizo anakuja nacho, tunavifua pamoja vinakaa kwenye kamba moja, akiondoka tunabadilishana. Chake kimeshapauka kwa jua, changu kina doa la mawese.

Angalizo: soma jina la kanga kabla hujalipa. Kuna kanga nzuri ya rangi ila maneno yake ni ya kumsuta jirani. Usimpelekee mwanaume kambini kanga ya ugomvi wa uswahilini.

Mzee wa Kamanga
Usitume keki. Kijana wangu alinunua keki kwa ajili ya mkewe aliyeko Dodoma, akaipakia basi la usiku. Alichopokea mkewe ni krimu kwenye kuta za boksi. Ofisi ya basi ikasema wao hawahusiki na vyakula. Ukitaka keki, mtafute mwoka keki wa mji huohuo alipo mtu wako, mlipe nusu kwanza, nusu keki ikifika mkononi na picha umeiona.

Mke wa Mgodi
Wangu yuko mgodini Geita, anaingia kwa zamu. Nyie wa Mtwara mtasema mimi siko mbali, na kweli tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hatuna tena habari ya kusubiri kivuko. Lakini mtu akiwa zamuni, hata angekuwa Nyakato hapa hapa Mwanza humpati.

Chakula wanapewa, malazi wanapewa, sare wanapewa. Nilihangaika sana kujua atumiwe nini. Kumbe ni soksi! Zile nene za pamba, ndefu mpaka chini ya goti. Buti za usalama zinachubua kisigino, na soksi nyepesi za nailoni zinashika jasho mpaka vidole vinamenyeka. Niliviona vidole vyake siku akiwa amelala nyumbani, sikuhitaji kuuliza tena. Sasa kila anapoingia zamu naweka jozi mpya ndani ya begi chini kabisa, naye anajifanya hajui ziko wapi mpaka afike.

Dada Capri
Soksi jamani. Mimi ningetumiwa soksi ningelia, na siyo kwa furaha.

Mke wa Mgodi
Wako anafanya kazi ofisini kwenye zulia, mpelekee hiyo mishumaa.

Baba Wawili
Mke wangu yuko Muscat, kazi za nyumbani. Nipo hapa na watoto, kwa hiyo kwetu anayetuma zawadi kila mara ni yeye, mimi ndiye wa kutafuta cha kurudisha.

Niliwahi kumtumia pafyumu, akashukuru kwa adabu. Pafyumu, Muscat! Huko udi na marashi wanafukiza mpaka kwenye mapazia. Alichokuja kukiulizia mwenyewe ni matobolwa. Kwa wasio wa kwetu, hivyo ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani. Michembe ni ndugu yake, ila michembe hukaushwa mibichi, inataka sufuria na karanga, na jikoni kwa watu huwezi kujipikia unavyotaka. Matobolwa unatafuna makavu hivyo hivyo, unaweka mfukoni unaendelea na kazi. Mama mkwe alimwandalia, nikapata dada mmoja anayesafiri.

Hapa sikilizeni vizuri. Ukimpa mtu mzigo wa kuvuka nao mpaka, usiufunge. Mpelekee wazi, mtoe kitu kimoja kimoja mbele yake, afunge yeye mwenyewe. Na wewe ukipewa uliofungwa tayari na mkanda, kataa hata kama ni shangazi yako.

Ndani ya kile kifuko nilitia na karatasi, mtoto mdogo alikuwa amechora mkono wake kwa kalamu kuuzungushia vidole. Mama yake aliniambia kwamba anauweka mkono wake juu ya ule mchoro kupima kama mtoto anakua. Kwa hiyo kila akipatikana msafiri tunapeleka mkono mwingine.

Nusu Doti
Baba Wawili, hiyo ya mkono naichukua.

Mhaya wa Kemondo
Mimi natuma kwa meli. Mchumba yuko Mwanza, mimi upande wa Bukoba. Meli inaondoka usiku, asubuhi imefika, kwa hiyo hata cha kuharibika kinawahi. Msimu wa senene namtumia waliokaangwa, wametolewa mbawa na miguu, kazi hiyo naifanya kwa mikono yangu na ndiyo zawadi yenyewe. Yeyote aliyewahi kunyonyoa senene sahani nzima anajua hayo ni mapenzi. Ila tatizo, yeye ni Msukuma, mwanzoni alikuwa anawagawa kwa majirani Wahaya. Sasa hivi majirani hawaoni kitu.

Msomi wa Malimbe
Sisi wanafunzi hatuna cha kutuma. Mimi na wangu wa Mbeya kila Jumapili tunanunua bando la usiku, tunapika kitu kimoja, simu imesimamishwa kwenye kikombe. Zawadi yake kwangu ilikuwa ni mchele kilo 2 wa Kyela, tuupike wote siku moja tuone wa nani utaungua.

Wakala wa Nyegezi
Nikusaidie dada Buhongwa, mizigo ndiyo kazi yangu. Mwanza kwenda Mtwara mzigo wako utashukia Dar na kupandishwa basi jingine. Hapo ndipo vitu hupotelea. Andika jina na namba ya simu ya mpokeaji kwenye boksi pande mbili kwa kalamu ya wino mzito, karatasi ya kubandika hubanduka. Ukiwa na mtu Dar akuhamishie mkononi ni bora zaidi. Piga picha risiti na namba ya basi, mtumie mpokeaji siku hiyohiyo. Kitu cha thamani kitaje pale ofisini kiandikwe kwenye risiti. Usiposema, kikipotea wewe umepoteza boksi tu.

Na Mtwara ni joto, asikudanganye mtu na sweta.

Binti Buhongwa
Nimerudi. Nimefanya kama alivyosema Mama Shija, nimempata mwalimu mwenzake wanayepanga nyumba moja. Anasema umeme ukikatika jamaa anasahihisha madaftari kwa tochi ya simu, halafu asubuhi simu haina chaji ndiyo maana simpati. Hilo mimi kanificha, ananiambia mtandao mbovu! La pili, samaki wa bahari anakula kwa adabu tu. Mtoto wa Ukerewe, analalamika kila siku hakuna sato.

Kwa hiyo ni taa ya sola yenye sehemu ya kuchajia simu, sato wakavu wachache, na kipande kimoja cha kanga, dada Nusu Doti asante. Bajeti imepasuka kidogo, nitaishi. Swali: sato na kanga vinakaaje boksi moja?

Mama Shija
Nunua sato aliyekauka kweli, mkunje mkia, ukilegea mwache. Usimfunge kwenye nailoni, atatoa jasho na kuota ukungu kabla hajafika Dar. Mfunge kwa magazeti mengi, kisha karatasi ya kaki, aende chini. Taa katikati. Kanga ndiyo uitie kwenye nailoni, fundo mbili, ikae juu. Na boksi litoboe matundu madogo ubavuni.

Binti Buhongwa
Kanga itanuka samaki tu, mama.

Mama Shija
Ataifua. Ana mikono.