Naomba ushauri: niache duka Kariakoo nikaajiriwe serikalini?

Wakuu heshima kwenu. Nina kaduka ka spea za bodaboda Kariakoo, siku nzuri sikosi elfu arobaini ya faida, siku mbaya nalipia tu chai. Sasa juzi nimeitwa kazini, ukarani halmashauri moja huko mkoani, nyumbani kumekuwa vurugu tupu.

Bro wangu hataki kusikia, anasema serikali imejaa watu, 2017 wenye vyeti feki 9,932 walitolewa na ofisi ziliendelea kufunguliwa kila asubuhi, sasa wewe unaenda kufanya nini, kugonga mihuri? Tena Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini kimetoka 370,000 kwenda 500,000 kwa mwezi, anasema hela hiyo inatoka kwa sisi tunaokimbizwa na mashine za EFD, zile za risiti za kodi. Nikabaki kimya maana hapo alinigusa.

Ila wife ni mwalimu wa msingi Chanika, dawati la watu watatu wanakaa watano, madaftari anasahihishia kitandani mpaka saa sita usiku. Akamuuliza, shem hao watu waliojaa wamejaa wapi? Bro akaomba maji ya kunywa hahaha.

Mimi naona wote wana point, watu wapo ila wamekaa pasipo na kazi. Kinachonichanganya ni makato, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) asilimia 5, bodi ya mikopo ya wanafunzi 15, bado bima na kodi. Mlioajiriwa halmashauri, mnabaki na ya kula kweli? Na duka nimwachie dogo au nifunge? Naripoti wiki ijayo.