Je, hesabu zinaweza kututabiria meli itavunjika wapi na lini?

Mwanafunzi wa Uhandisi:
Ndugu wataalamu, tunafundishwa kulinganisha mkazo, yaani nguvu inayovuta au kugandamiza chuma, unaoletwa na mawimbi na shehena na uwezo wa muundo kuustahimili, kisha kuacha akiba ya usalama kati ya hivyo viwili. Hata hivyo, tarehe 17 Juni 2013 meli ya makontena MOL Comfort, iliyoundwa mwaka 2008, ilivunjika katikati ikiwa Bahari ya Hindi. Je, hesabu zilipungukiwa na nini?

Mkaguzi wa Miundo:
Wimbi linapoinua meli katikati huku omo (sehemu ya mbele) na tezi (sehemu ya nyuma) zikikosa egemeo la kutosha, sitaha huvutwa na mabamba ya chini hugandamizwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba MOL Comfort ilianza kushindwa kwenye mabamba hayo ya chini, na meli dada zake, yaani zenye muundo uleule, zilipokaguliwa zilikutwa na mabamba yaliyojikunja kwa takriban milimita 20. Bamba la chini hugandamizwa kwa urefu na wakati huohuo husukumwa na maji kutoka nje, kwa hiyo anayepima nguvu ya kwanza peke yake hulihesabia uwezo lisilokuwa nao. Kuna pia mtetemo wa mwili mzima pale wimbi linapoipiga omo kwa kishindo, nao huongeza mpindo. Mwaka 2015 vyama vya uainishaji wa meli, ambavyo huweka kanuni za uundaji na kukagua meli, vilipitisha kanuni mpya za meli za makontena zinazozingatia mambo yote mawili.

Mtafiti wa Metali:
Naomba kuongeza upande wa chuma chenyewe. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilikatika ikiwa imetulia gatini huko Portland, Oregon, bila wimbi lolote. Constance Tipper wa Cambridge alionyesha baadaye kwamba chuma cha meli za enzi hiyo kilipoteza unyumbufu katika baridi, hivyo ufa mdogo ungeweza kukimbia ghafla. Hesabu ya mkazo pekee isingeliona jambo hilo.

Uchovu wa chuma, yaani kudhoofika kwake kwa kukazwa na kulegezwa mara nyingi, ni mgumu zaidi kutabiri, na kwa maoni yangu ndiko tunakojiamini kupita kiasi. Katika viungo vya kulehemu, muda wa kudumu hupungua kwa takriban kipeo cha tatu cha mkazo. Ukikadiria mkazo pungufu kiasi kwamba ule halisi unauzidi kwa asilimia 25 tu, kiungo kitadumu takriban nusu ya muda ulioutarajia.

Mwanafunzi wa Uhandisi:
Nashukuru sana. Je, basi tarehe ya ufa inayokadiriwa na hesabu haina maana?

Mkaguzi wa Miundo:
Ina maana, ndugu yangu, ila ichukue kama uwezekano. Hesabu hutuonyesha pa kutazama kwanza, hasa pembe za milango ya ngama (chumba cha shehena) na ncha za viungo; kisha unene wa mabamba unaopimwa kwa mawimbi ya sauti hurudishwa kwenye hesabu, kwa sababu bamba lililoliwa na kutu hubeba mkazo mkubwa kuliko ule wa kwenye mchoro. Makadirio yasiyosahihishwa kwa vipimo hivyo yanahusu meli ilivyokuwa siku iliposhushwa majini.