Mrejesho: ile riwaya ya meli ya watumwa nimeipata

Wakuu, mwezi uliopita niliomba msaada wa kutafuta Le Négrier, riwaya ya Édouard Corbière ya mwaka 1832 kuhusu baharia anayeishia kuwa nahodha wa meli ya watumwa. Nimeipata, asanteni.

Kwanza nililizwa. Muuza vitabu mmoja alinitumia nakala kuukuu: jalada limeachia gundi, kurasa za mwisho zimeliwa na wadudu. Hela ndiyo imeenda. Ndipo nikamsikiliza yule aliyesema niangalie Gallica, hazina ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Kumbe imo, tena bure! Nimeisoma kwenye simu, kila ukurasa naukuza kwa vidole viwili.

Mnaoitaka, mjue biashara ya watumwa inachelewa kuingia. Mwanzoni kuna mapigano na meli za Waingereza, kisha kifungo. Corbière alikuwa baharia kweli, kwa hiyo kamba na matanga anavijua. Ila msimuliaji ni Léonard, mfanyabiashara mwenyewe, na walio chini ya sitaha tunawaona kwa jicho lake tu. Hapo nilikuwa naweka simu chini, nakunywa maji, ndipo narudi.